Shuka la Kaka na Upepo wa Uingereza

Leo nimejiaibisha kwenye matanga ya mama yangu mzazi, tena mbele ya pasta.

Mama alizikwa Bukavu wiki iliyopita. Sisi wanawe tulimzika kwa simu: mimi niko hapa ugenini Turffontein na kiduka changu cha kushona nguo, kaka Baraka yuko Uingereza, kwenye mji mdogo wa pwani. Leo tulikuwa tunamaliza kilio, nyumbani kwangu. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetoa neno la mwisho, na kabla hajasema hakuna anayegusa sahani. Basi simu ikaunganishwa na televisheni, watu wakakaa na njaa yao.

Kaka akatokea. Koti jeusi, tai, ukuta mweupe nyuma yake. Siku zote alimwambia mama kwamba ana ofisi inayotazama bahari. (Mama aliwatangazia wote. Waliobaki niliwatangazia mimi.) Akasema kazini wamempa likizo ya msiba, hajatoka ndani tangu apate habari. Aliongea vizuri mpaka Mama Furaha, jirani yangu mwenye saluni, akalowesha kitenge kwa machozi.

Kumbe ule haukuwa ukuta. Lilikuwa shuka.

Upepo wa bahari ukalinyanyua. Nyuma kulikuwa na shamba la kabichi, tope, trekta, na ng'ombe mmoja anatutazama kama mgeni aliyechelewa kilio. Kaka akageuka kulidaka, tukaona gambuti mpaka magotini. Halafu shuka likamfunika mwili mzima, akabaki anahangaika humo kama maiti aliyeghairi kufa.

Mtu akacheka. Kwa sauti, peke yake.

Nilikuwa mimi.

Pasta akafunga Biblia. Mama Furaha akanifinya paja. "Mama Neema, aliyekufa ni mama yako au wa jirani?"

Kaka alipojinasua, tai ilikuwa begani. Hakujaribu kudanganya tena. Akasema chumbani anakolala mtandao haushiki, unashika huko shambani tu, na amepewa muda wa chai basi.

"Ruhusa niliomba, mdogo wangu. Wakaniuliza, si ameshazikwa?"

Ndipo akalia. Mara ya kwanza tangu mama afariki. Nyuma yake mtu akapiga honi ya trekta. Akajifuta uso kwa lile shuka, akatutazama, akatoa neno la mtoto wa kwanza.

"Kuleni."

Kioo kikawa cheusi. Watu wakala. Mimi sahani yangu niliifunika.

Mkinikuta dukani kesho, naomba msicheke. Kicheko cha ukoo wetu nimeshakimaliza mimi.