Nimelalia Kiti cha Wageni Ukweni

Leo nimeadhirika mbele ya wakwe. Tena nikiwa nimelala.

Mnajua kazi yangu ni kutandika vitanda katika hoteli moja huku ugenini, mtaa wa Thongpiny. Leo, nikitoka zamu ya usiku, Lado wangu akanipeleka kwao, mtaa wa Atlabara. Wajomba zake walikuwa wanakuja kuniangalia, waseme kama nafaa kuolewa au nirudi zangu Nakuru. Mama yake alinipokea vizuri, akaniacha uani chini ya rakuba, kile kivuli cha nyasi, akaingia kuchemsha chai. Lado akaenda kuwalaki wajomba barabarani.

Pale kivulini palikuwa na kitanda. Jamani, shuka ile! Milaya yenyewe, imetariziwa kwa mkono, ndege wekundu na maua pembeni kote, inaning'inia hadi karibu na ardhi.

Mikono ikaniwasha. (Kwetu hotelini shuka inayoning'inia ni uvivu.) Nikaichomeka chini ya godoro pande zote, nikaikaza kihoteli, ndege wote wakaenda kulala gizani. Nikaridhika kabisa. Mkwe atajua amepata mtu.

Kisha nikafikiri: kitanda kimetolewa nje, na mimi nimekesha. Si ni changu hiki? Nikavua viatu, nikachomoa upande wa kichwani, nikajipenyeza chini ya shuka taratibu, nisiikunje.

Upepo ukapita. Chai ya tangawizi ikanukia kutoka jikoni. Nikaona ndege wananyanyua shuka nami ndani yake, tunaelea juu ya Nile, tunapita daraja, mtaa wa Gumbo ule kwa mbali, na watu wa heshima wamejipanga ukingoni wananitazama. Nikawapungia mkono kama malkia.

Nikafumbua macho. Mkono bado unapunga.

Wajomba watatu, suti na fimbo, wamesimama wananitazama. Mama Lado ameshika sinia la chai. Lado anaangalia viatu vyake.

Wamesimama kwa sababu hawana pa kukaa. Nyumba ile kitanda chenye milaya ndicho kiti cha wageni, hakuna anayekilalia!

Nikataka kuruka. Wapi! Nilikuwa nimekaza shuka kwa ufundi wangu wote. Nikajipinda, nikajinyonga, nikakwama hadi kidevuni. Mjomba mkubwa ndiye aliyeinama kunichomolea pembe moja ya shuka. Na ndege mmoja alikuwa ameloa udenda wangu.

Mama Lado akaweka sinia chini polepole.

"Hii milaya mimi nakimbia nayo wakati ya vita," akasema. "Hata mimi mwenyewe sijalala ndani yake."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikajua harusi imekwisha.

Mjomba mkubwa akakaa miguuni pangu, akatazama vile viatu vyangu chini.

"Malesh, si kitu, dada yangu," akamwambia Mama Lado. "Sisi hapa bado nalala na viatu, nasikiliza risasi. Huyu nalala kama vita nakwisha. Wacha akae kwa hii nyumba."

Mama Lado akacheka hadi akafuta machozi. Mimi nikalia tu, sijui aibu, sijui furaha. Halafu akanipa beseni na sabuni, nimfue yule ndege, na akanionyesha jinsi ya kuacha shuka ining'inie.

Msinicheke. Na mkija harusini mkaona kitanda kizuri uani, tafadhali, kaeni tu.