Rautenberg Namba Moja

Volkmar Drexel alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, pale Stuttgart, shavu moja limenyolewa na la pili lina povu, aliposoma gazetini kwamba gari la Rautenberg namba saba limeuzwa mnadani kwa yuro laki tisa. Mwandishi akamalizia kwa masikitiko: namba moja, gari la kwanza kabisa la kampuni ile, halijaonekana tangu vita.

Halijaonekana! Kwa mtu wa kazi yake, hakuna neno tamu kuliko hilo. Kadi yake iliandikwa "Mshauri", na ushauri wake wa mwisho uliwafanya wenye maduka wawili wa Düsseldorf wanunue ngome ambayo, kwa bahati mbaya, ilikuwa mali ya serikali.

Akatafuta kitabu cha historia ya kampuni, akakimaliza kwa vikombe viwili vya kahawa. Historia nadhifu kweli. Mwaka 1924 mzee Leopold Rautenberg alianza na mafundi wanne; kufikia 1938 mawaziri na waimbaji wa opera walikuwa wakipanga foleni kwake. Hapo kitabu kilikohoa kidogo, kikaendelea 1946, watu wote wema, wanatengeneza masufuria. Mwaka 1961 kiwanda kikafa, na kama ilivyo kwa kila marehemu, sifa zikaanza.

"Wenyewe wameruka miaka minane," Volkmar aliwaza. "Mimi nikiongeza gari moja tu, dhambi iko wapi?"

Mteja alikwishampata: Daktari Ansgar Pflug, mng'oa meno, mwenye magari manane ya kale na mke anayepanda basi. Kilichokosekana ni mkweche. Akaulizia, akaelekezwa vilimani, kwa Bibi Notburga Häfele, mjane wa fundi wa kiwanda kile. Alienda amevaa miwani isiyo na kazi, akajitambulisha kama Profesa von Thalheim.

Ghalani mlikuwa na fremu yenye kutu, na kuku watano wakitaga kwenye kiti cha dereva.

"Hili ni chuma chakavu, bibi yangu," alisema kwa huruma. "Nitakupa mia tano, basi tu kwa kuwa napenda historia."

"Chukua, mwanangu. Ila kuku uniachie."

Wakaingia jikoni kunywa kahawa na keki ya tufaha. Bibi alipofungua dirisha, kibao cha chuma kilichokuwa kimelibana kikaanguka mezani. Volkmar akakiokota. RAUTENBERG, STUTTGART. Na. 1.

Akasukuma sahani ya keki pembeni.

"Hiki nacho... nikichukue pamoja na takataka nyingine?"

"Aa, hicho hapana!" Bibi akakikumbatia kifuani. "Hicho alinipa Eugen wangu siku alipotoka kwenye lile gari kwa mara ya mwisho. Nizikwe nacho."

"Elfu mbili."

"Unanifanya nilie, Profesa."

Alilia kweli, kwa leso na kila kitu. Alilia kwenye elfu tano, akalia zaidi kwenye elfu kumi na mbili. Kufikia elfu kumi na nane, yaani pesa yote iliyobaki ya ile ngome, machozi yakakauka. Volkmar akaondoka akiimba, na mkweche ukimfuata kwenye trela. Jamani, tapeli alikuwa amepata kitu cha kweli! Kwa mara ya kwanza maishani angeuza mali halali, tena kwa laki nne, na wazo hilo lilimpa haya kidogo.

Daktari Pflug alikishika kile kibao, akakigeuza, kisha akauliza kwa upole:

"Bado anatengeneza ile keki ya tufaha?"

"Nani?"

Daktari akamwongoza hadi ofisini kwake. Ukutani, ndani ya kioo, kilining'inia kibao. Na. 1.

"Mimi nilitoa elfu thelathini," akasema. "Baadaye ndipo nikasoma kwamba magari matano ya mwanzo hayakuwa na vibao."

"Na hukumshtaki?"

"Nimshtaki, ndugu yangu? Picha yangu na hiki kibao iko kwenye kalenda ya chama chetu! Mwenyekiti naye anacho. Tunasifiana."

Asubuhi iliyofuata Volkmar alikuwa mlangoni kwa Bibi Notburga, uso umemwiva.

"Bibi, umeniibia!"

"Punguza sauti, kuku wanataga."

"Kibao ni cha bandia!"

"Bandia wapi! Eugen alikuwa idara ya vibao. Walipofunga kiwanda akaja na sanduku zima la vibao vitupu, pamoja na nyundo na mihuri. Kibao ni halali kabisa. Namba tu ndiyo imechelewa kugongwa."

"Naenda polisi!"

"Nenda, kituo kiko mkabala na kanisa. Utawaambia wewe ni profesa wa wapi? Uliyetaka kumpora mjane gari la laki tisa kwa mia tano?"

Volkmar akaingia jikoni. Akavuta kiti. Hasira ilikuwa ikimtoka, na mahali pake ikaingia heshima, kitu ambacho hakuwahi kumpa binadamu yeyote. Bibi akamkatia kipande cha keki.

"Bibi," akasema hatimaye, sauti imeshuka, "namba mbili unaiuzaje?"

"Mbili ameichukua mchungaji," Bibi Notburga alijibu, akimsogezea sukari. "Nina tatu."