Wimbo wa Danford Uliomzika Mama Yake Akiwa Hai

Uvumi huo Specioza aliusikia mashineni, akiwa kwenye foleni ya kusaga mahindi, na tangu hapo ukamganda kama kupe: eti Danford, yule kijana wa magitaa, amemtoa mama yake kafara ili wimbo wake upae.

Mama mwenyewe ndiye huyo Specioza.

Wimbo aliujua. "Mama Anaita", singo ya kwanza ya bendi ya mwanawe, ilitoka mtandaoni Jumatatu. Katikati magitaa yananyamaza, halafu mwanamke anapiga yowe refu la kukata maini. Yowe lilikuwa lake. Asubuhi moja ya mwezi wa nane alikuta mtamba hayupo zizini, akapiga mwano, lile yowe ambalo kwa Wasukuma likilia kila mwanamume anatoka na fimbo, awe anakula, awe anaoga. Watu wakajaa uani. Kumbe shemeji yake kampeleka mtamba joshoni bila kuaga. Danford alikuwa ndani anarekodi gitaa kwenye simu, na yowe likaingia. Badala ya kulifuta, akalipenda.

Sasa leo Ijumaa, saa nne, Mzee Ndaki wa Bukundi alikuwa anakuja na basi kutoa jibu la posa ya binti yake. Danford yuko nyumbani anapiga pasi shati. Na nani atampa binti mtu aliyemuua mama yake?

Specioza akajitwika beseni lake la matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, akaenda kijiwe cha kahawa cha njia ya Nyakabindi. Uvumi ulipikwa pale, basi ukazimwe palepale.

"Mwangaluka," akawasalimu.

Watu watatu wakatazama vikombe vyao. Salu, dereva wa bodaboda, anaitwa Redio Mbao kwa kuwa habari haimpiti, na isipokuwepo anaitengeneza. Selestini ni Mizani, maana msimu wa pamba ndiye mpimaji. Joakim ni Daktari. Anauza dawa ya panya.

"Kasalimia," Redio akanong'ona.

"Nimesikia. Mwitikie," Mizani akasema.

"Kwa nini mimi?"

"Si wewe ndiye uliyemzika?"

Daktari akajikaza. "Mayu Spe, mama yetu, sisi hatuna neno. Tunauliza kitaalamu tu. Njaa unaisikia siku hizi?"

"Njaa ninayo, na hasira ninayo!"

"Hasira huwa wanabaki nayo," Daktari akawaeleza wenzake. "Mtu akitolewa kafara, anayebaki ni kivuli. Kinatembea, kinauza matobolwa. Mwenyewe yuko huko kwa wachawi, anapalilia pamba ya watu."

"Joakim! Juzi si ulikula sahani mbili hapahapa?"

Daktari akashika tumbo. Mizani akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Umekula kivuli, bwana! Ndiyo maana hushibi!"

"Wewe cheka. Ule muziki wenyewe mmeusikia? Unaitwaje vile?" Daktari akauliza.

"Roki mbadala," Redio akasema.

"Mbadala wa nini?"

"Wa muziki."

"Na pale mwanzoni Danford anaimba au anatapika?"

"Pale anaimba. Kutapika ni kwenye kiitikio."

"Jamani," Mizani akasema, "hata manju wetu wa ngoma walikuwa na dawa zao. Wakishindana uwanjani, watu wote wanahamia upande wa mwenye dawa kali."

"Walitumia mizizi," Daktari akamkata. "Hawakutumia mama."

"Siku nne, watu elfu nane!" Redio akapiga goti. "Gitaa la kuazima kanisani, ngoma yenyewe ni ndoo. Elfu nane wanatoka wapi kama hakuna mtu aliyekwenda?"

"Wanatoka kwako!" Specioza akamnyooshea kidole. "Umetangaza kwenye makundi yote ya simu kwamba ndani ya wimbo kuna mtu anakata roho. Watu elfu nane wamekwenda kumsikiliza marehemu, na marehemu nimesimama hapa na beseni kichwani!"

Mizani akakuna kidevu.

"Basi dawa ni ndogo. Lipige tena hilo yowe hapa. Kama ni lilelile, u hai, na mimi nitakuwa shahidi wako kwa mkwe. Mimi ni mpimaji, sipunji."

Specioza akatazama barabarani. Saa nne ilikuwa inagonga. Akatua beseni, akafunga khanga kiunoni, akavuta pumzi.

Yowe likatoka.

Kahawa ya Mizani ikamwagikia mapajani. "Ndilo!" akaruka. "Ndilo lenyewe, halikupungua hata gramu!"

Wala hawakukumbuka, hata mmoja wao, kwamba mwano haupigwi kwa majaribio. Fundi baiskeli akaja na spana. Wa bucha akaja na kisu. Mmoja akaja na povu kichwani na taulo, ameshika mchi. Filimbi zikalia kila upande, na Kwandu, kamanda wa sungusungu, akafika anahema.

"Mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi, kamanda," Redio akasema. "Tulikuwa tunaangalia kama huyu mama amekufa."

"Mwano wa bure faini ni mbuzi mmoja!"

Kabla Specioza hajajibu, mzee mmoja akapenya katikati ya watu, fimbo juu, begi la safari bado liko begani. Alikuwa Mzee Ndaki.

"Nani anaibiwa?"

Specioza akapiga magoti. "Baba, hakuna anayeibiwa. Walisema Danford ameniua. Mimi huyu hapa, mzima. Yowe la kwenye wimbo ni langu mwenyewe."

"Habari hiyo ilifika mpaka Bukundi," mzee akasema, akashusha fimbo. "Namshukuru Mungu, mayu. Hebu niusikie."

Redio akaucheza wimbo. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, hakukunja hata uso.

"Ulikuwa unaita kwa ajili gani?"

"Mtamba, baba. Nilidhani ameibwa."

"Na kijana alikuwa wapi?"

"Ndani, anarekodi," Specioza akajibu haraka, moyo mweupe, uvumi umekufa. "Alikuwepo kabisa! Alikaa kimya, hakugusa hata waya, ndiyo maana sauti yangu imetoka safi namna hiyo."

Maneno yalipomaliza kumtoka ndipo akayasikia.

Mzee Ndaki akajifuta vumbi magotini. "Mimi nimeruka kutoka kwenye basi kabla halijasimama, na magoti haya, kwa mwano wa mwanamke nisiyemjua sauti. Yeye mama yake anaita, anachunga simu. Mambo ya kafara ningeuliza watu. Hili sina la kuuliza. Binti yangu nitampa mtu anayetoka na fimbo." Akamgeukia Kwandu. "Basi la kurudi ni saa ngapi?"

Redio Mbao alikuwa ameinua simu yake juu, anarekodi.

"Mzee wangu, rudia hapo kwenye binti. Kulikuwa na kelele."

Mambo ya kuepuka, kwa mzazi mwenye kijana mwenye simu:

Usipige mwano kabla hujawauliza mashemeji wote.

Usipige mwano ili watu wa kahawa wakuamini. Hawaamini, na mbuzi unatoa.

Usikubali singo itoke kabla hujaisikiliza yote, hata kama masikio yanauma.

Usimjibu mkwe zaidi ya alichouliza.

Usiseme jambo lolote mbele ya Salu.

Na wewe kijana, mama akiita, usimalizie kurekodi.