Mashitaka kwa Baba Mkwe Juu ya Pazia la Kikoi

Bertrams, Johannesburg
Septemba

Mzee Khatibu Vuai,
Makunduchi, Unguja.

Baba Mkwe Mheshimiwa,

YAH: KUPAMBWA KWA NYUMBA PASIPO RIDHAA YANGU

Shikamoo. Huku sote hatujambo isipokuwa mimi, na ndiyo sababu ya barua hii, ambayo rafiki yangu Yasini atakuletea mkononi akija huko.

Siku ya ndoa uliniambia mbele ya watu kwamba mwanao akinishinda nisimgombeze wala nisimtangaze mitaani, bali nikuletee mashitaka wewe. Miaka yote sikukusumbua. Sasa Tabia amenishinda.

Pengine hujui kwamba nchi hii ina majira ambayo kwetu hayapo. Sisi Mungu ametupa kiangazi, masika, kipupwe na vuli, na tumeshukuru. Huku baridi ikiondoka mwezi wa tisa, watu husema dunia imezaliwa upya, na maduka yote hujaa vitambaa vya maua. Mjukuu wako Najma alirudi na habari hizo kutoka shule. Akauliza, kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hakijibu, kwa nini kuta za kwetu tu ndizo tupu. Tabia akanigeukia. Nikasema pambeni mtakavyo, mradi randi yangu isitoke mfukoni. Nilidhani nimemaliza mjadala. Naomba uyazingatie maneno yangu hayo, kwa sababu mwanao ameyatii yote, na hapo ndipo msiba wangu ulipoanza.

1. Kikoi changu cha Ijumaa sasa ni pazia la sebuleni. Aliyekishona ni jirani yetu Clémentine, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, ambaye hakutaka malipo ila sahani ya pilau. Jua la asubuhi likikipiga, chumba chote kinakuwa na rangi ya chungwa lililoiva. Sikatai kwamba kinapendeza. Nasema tu kwamba mimi naenda msikitini na suruali.

2. Kanzu zangu mbili, ambazo zilikuwa zimechakaa kola tu, zimekatwa zikawa foronya za mito. Yasini akija kunywa chai na kuegemea, naona kama ananiegemea mimi kifuani. Kisha ananisifu kwa mito mizuri.

3. Makopo ya maziwa ya unga nilimokuwa nikihifadhi chaja mbovu za simu, za biashara yangu ya pale mjini Marshalltown, yamepakwa chokaa, yakapandwa mrehani na nanaa, na yamepangwa dirishani. Nilipouliza chaja ziko wapi nikajibiwa kuwa kitu kibovu hakiulizwi. Huko Makunduchi ndivyo mlivyomfunza?

4. Alfajiri moja nilikwenda kutawadha nisilione birika. Nikalikuta mezani limejaa maji, na ndani yake limesimama tawi la mpichi lenye maua, zawadi ya Clémentine kutoka uani kwake. Nilitawadha kwa kopo, Baba. Mume wa mtu.

5. Hili ndilo zito. Unajua kwamba tangu tuje hatujawahi kupiga msumari ukutani. Si kwamba kuta ni ngumu. Ni kwamba sisi ni wapitaji, na wengi wetu huku ndivyo tunavyoishi: sanduku linakaa juu ya kabati likiwa limeshafungwa, na ndani yake mna vitu vizuri vinavyoingojea nyumba tutakayojenga kwetu. Mimi humwambia kila mtu tunarudi Desemba. Nawe nilikwambia hivyo, Desemba kadhaa zilizopita. Basi Tabia amelishusha sanduku, akalifungua, akavitoa vyote. Saa ya harusi iko ukutani inatembea. Vikombe vya harusi tunavinywea chai siku ya Jumanne, bila mgeni yeyote. Sanduku lenyewe limefunikwa kitambaa, nalo sasa linaitwa meza.

6. Clémentine alikuja kutazama kazi ya mikono yake. Akakaa, akanywa chai katika kikombe cha harusi, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, ambamo "mbele" ni zamani: "Baba Najma, sasa muko na nyumba. Mbele mulikuwa munangoja tu." Tangu siku hiyo nimekasirika.

Baba, fikiri mambo haya yanakoelekea. Leo pazia, kesho rafu ya ukutani, na mwenye rafu ya ukutani hasafiri. Atapanda mchicha, na mchicha haumwachi mtu aende mpaka uchumwe. Majirani watatuzoea. Najma ataposwa hapa hapa Bertrams, na sisi tutazikwa huku, mbali na kaburi la mama yangu. Hilo linanitisha kweli, na sioni haya kukwambia.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu uitishe kikao cha wazee wa pande zote mbili, kitoe tamko kwamba majira haya ya maua hayawahusu watu wa Makunduchi popote walipo. Aidha Tabia aamriwe kuzirudishia kuta utupu wake, na kikao kinichagulie kikoi kingine.

Msalimie sana Mama, na ndugu wote wa mjini na shamba, na wale waliokuja harusini wakala wasiniage.

Mimi mkweo mtiifu na mdhulumiwa,
Pandu

Tanbihi: Nilikuwa sijaifunga barua hii mwenye nyumba alipopiga hodi. Amekuja na mtu na mkewe kuwaonyesha vyumba vyetu, kwa sababu mimi mwenyewe nimekuwa nikimwambia kwamba tunaondoka Desemba. Yule mwanamke aliingia, akatabasamu, akaanza kupima kwa mikono mahali atakapoweka kitanda chake. Nilishikwa na wivu ambao sijaupata tangu nilipomposa mwanao. Nikawaambia kwa adabu kwamba hapa pana wenyewe, na wenyewe hawaendi popote. Tabia alikuwa mlangoni. Alinitazama, akaenda kuteleka maji ya chai. Basi usiitishe kikao. Kila mwaka ulitaka kuja kutuona nami nikakuzuia, nikisema tutapishana njiani. Njoo, Baba. Sasa pana pa kufikia.