Kasisi wa Mansfield

Jumapili, 16 Novemba 2025
Patroba amealika watu ishirini na wawili kula Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya huku, kwake Arlington. Nimewahesabu kwenye grupu letu la WhatsApp la watu wa nyumbani. Mimi simo. Mwaka jana pia sikuwamo. Eti alisahau! Nilikuja nchi hii na begi moja, leo nina malori matatu, na bado nasahaulika. Mwenye cheo hasahauliki.

Jumatatu, 17 Novemba
Hesabu imekubali. Grupu letu lina maaskofu watano, mitume watatu, wachungaji kumi na mmoja. Makasisi: sifuri. Neno la zamani, zito, la Waanglikana wa nyumbani. Soko liko wazi. Nime-apply ukasisi mtandaoni. Dakika nane, cheti kikatoka kwenye printa. Kola nyeupe ya kikasisi nimeagiza.

Jumatano, 19 Novemba
Nimempigia dada yangu Fanny, anayeishi Sugar Land. Akasema kasisi huwekewa mikono na askofu, habonyezi kitufe. Na kwamba kwetu kasisi alikuwa yule anayejua nani anaumwa na nyumba ipi ina msiba. Akauliza jirani yangu anaitwa nani. Nikasema mtandao unakatika.

Ijumaa, 21 Novemba
Nimejitambulisha kwenye grupu: Kasisi Shem. Immaculate, mke wa Patroba, akajibu: karibu Thanksgiving, Baba Kasisi. Dakika nne tu. Mimi nimengoja miaka sita.

Alhamisi, 27 Novemba
Nimefika saa saba, kola inanikaba. Sebuleni vicheko, Patroba anamwiga bosi wake wa Plano. Nikaingia. Wote wakasimama. Lenny, mmoja wa wageni, akaficha bia nyuma ya mto, akasema Bwana asifiwe.

Immaculate akasema kasisi hawezi kubanana na hawa wakora. Akaniweka chumba cha pili. Kitambaa cheupe, pilau, paja zima la bata mzinga. Viti vinane, mtu mmoja. Kila aliyechungulia nilimwambia keti basi, ndugu yangu. Kila mmoja akasema hawezi, ni heshima. Ng'ambo ya ukuta walicheza karata. Nilihesabu vicheko thelathini na kimoja, nikaacha.

Patroba alinisindikiza hadi garini. Akasema Ijumaa ile alikuwa ameshika simu anipigie mwenyewe, nije nicheze karata, maana wachezaji walikuwa wamezidi mmoja asiye na mwenzake. Halafu akaona nimekuwa mtu wa Mungu. Akaona haya.

Nimeendesha hadi nyumbani Mansfield bila redio.

Ijumaa, 28 Novemba
Nimelitazama jambo hili kwa akili ya biashara. Kosa liko wazi: cheo kilikuwa kidogo. Kasisi hula peke yake. Askofu hatembei bila watu wanne: dereva, wa kubeba joho, wa kushika fimbo, wa kumtangulia mlangoni. Wanne, na mimi watano.

Nime-apply. Dakika tisa.