Gari la Emérence na Busta Nyekundu

Jumatatu, tarehe 15 Septemba

Gari limekataa tena. Mvua ya usiku, baridi, batri kimya. Jirani yangu Zacharie ametoka na nyaya zake kabla sijamwita. Anazivaa shingoni kama padri anavyovaa stola, ingawa yeye ni shemasi wa Waprotestanti. Ameamsha gari langu kwa batri ya gari lake, ndiyo. Lakini alisaidia kwa sauti! Mtaa mzima umesikia kwamba gari ya Papa Mathe haiamuke mupaka iombewe.

Sitazigusa nyaya zile tena. Nimeapa.

Nikiwa kwenye uji, simu kutoka Oicha. Shemeki Lusenge, kaka wa marehemu mke wangu. Eti Jumapili tunamaliza matanga ya Emérence, donc vitu vyake vitazungumzwa. Eti gari linaozea kwangu, naye ana kakao ya kubeba. Akatoa sharti: Jumamosi niende Beni kumchukua mama yao, nimlete Butembo kwa misa. Gari likitoka katika uwanja wa mama bila kusukumwa wala kuvutwa, linabaki kwangu. Likisukumwa, analichukua hapo hapo.

Nilikuwa na uji mdomoni. Nikasema mmh. Amelipokea kama kiapo!

Emérence aliliendesha mwenyewe. Kabichi kwenda Beni, mawese kurudi. Kiti chake bado kina shimo la mto aliokalia ili aone barabara. Halitabeba kakao.

Jumanne, tarehe 16

Nina mpango. Nimeshuka mjini kununua busta: kisanduku chenye umeme ndani na nyaya mbili zenye meno, kinachoamsha gari bila gari la jirani. Bila jirani!

Ornella, mwenye duka, ameuliza injini yangu ina ukubwa gani. Nimemjibu kwamba ni gari la heshima. Akauliza kama linakunywa esansi au mazutu, petroli au dizeli. Hilo nililijua. Akaweka busta mbili mezani. Nyeusi, nzito, sura ya tofali. Nyekundu, nyepesi, yenye tochi, king'ora na matundu ya kuchajia simu. Akashauri nyeusi. Akasema ile nyekundu ina nguvu kidogo, na mutu asiichezee-chezee.

Mais, nyeusi haina king'ora. Nimechukua nyekundu.

Nimechukua pia sanduku la vifaa. Klé, yaani spana, za kila namba, kila moja kwenye kitanda chake kama wanafunzi wa bweni. Kitanda kimoja kitupu: cha klé ya dix, namba kumi. Ornella amesema hiyo ndiyo kila mutu anaipenda, basi inakimbia. Hainisumbui. Klé ya dix ninayo, ya Emérence. Iko juu ya kabati, ndani ya kipande cha kitenge chake cha bluu. Lakini hiyo si ya kazi. Ni ya kumbukumbu.

Jumatano, tarehe 17

Ushindi! Nimebana meno ya busta kwenye batri, nikageuza ufunguo, gari likaruka kama mbuzi aliyekanyagwa. Nikapiga king'ora mara moja, kwa taarifa. Zacharie alitoka na nyaya shingoni, akakuta hakuna kazi. Nimeona uso wake. Nitautunza moyoni.

Halafu nimefanya jambo kubwa: nimeligeuza gari. Hapa Bulengera kila mwenye batri mbovu huegesha likitazama bondeni, jiwe chini ya gurudumu. Asubuhi anatoa jiwe, gari linateremka, linaamka lenyewe. Emérence alifanya hivyo siku zote. Mimi sasa ni mtu wa busta. Limetazama mlimani!

Zacharie akauliza: Papa Mathe, na kesho utashukia wapi? Nikamjibu kwamba teknolojia haishuki, inapanda.

Jiwe nimeliweka karibu na mlango. Emérence alilikalia alipoosha miguu akitoka safari.

Alhamisi, tarehe 18

Umeme wa mtaa umekufa. Mama mmoja ameomba nimchajie simu. Nikamchajia. Akaja mwingine. Kufikia mchana simu zilizunguka busta yangu kama vifaranga. Nawaza mbali: watu hawa wote Jumapili watakuwa mezani, mashahidi kwamba Mathe ni mtu wa kutunza vitu.

Jioni amekuja Zacharie mwenyewe! Kwa upole! Kipaza sauti cha kwaya yao hakina umeme, na mazoezi yanaanza. Nikakumbuka onyo la Ornella. Lakini akaniita mbele ya wote Papa Ingénieur. Ningekataa vipi? Wameimba nyimbo ndefu sana. Waprotestanti hawana haraka.

Ijumaa, tarehe 19

Taa za busta za kuonyesha umeme zilikuwa nne. Imebaki moja, nayo inakonyeza.

Nimeipeleka kwa mwenye jenereta sokoni. Nikakaa nayo kama mgonjwa. Jenereta likakohoa, likatoa moshi, likazimika. Mwenyewe akasema nirudi kesho. Kesho ni Beni!

Nimejaribu kuiweka juani. Haina kioo cha kupokea jua. Imepata joto tu.

Nimeamua: busta ikiwa na taa moja bado ni busta. Kwa tahadhari nimeshusha klé ya Emérence kutoka kabatini na kuiweka mfuko wa shati. Si ya kazi. Inisindikize tu.

Jumamosi, tarehe 20

Asubuhi gari halikuamka. Uso mlimani, matope, busta inakonyeza. Zacharie alikuwa mlangoni kwake, nyaya shingoni, akisubiri kama mtu aliyelipia kiti. Nikaangalia pembeni, nikanyoosha mkono. Akaniunganishia, kisha akauliza kama teknolojia imechoka kupanda.

Mpango mpya: nisizime injini hadi nirudi. Kwenye vizuizi vyote niliiacha ikinguruma. Askari mmoja akaniambia nizime, nikamwomba radhi kwamba gari lina mafua. Akanipisha.

Nikaingia uwanja wa mama mukwe wangu, Mama Kanyere. Uwanja tambarare kama meza! Lusenge alikuwa amekaa katikati na viatu vipya. Hakunisalimu. Akasema: Shemeki, zima. Nikasema nina haraka. Akasema mama hapande gari yenye kupiga kelele. Nikazima.

Chakula sikukionja. Mama akatoka na mfuko wake, kuku wake na mwavuli. Nikageuza ufunguo. Tk. Nikafunga busta kwenye batri, nikabonyeza. King'ora! King'ora peke yake, mpaka kuku akatoroka. Lusenge akasimama, akakunja mikono ya shati, akawaita vijana wa jirani waje kusukuma.

Hapo mama mukwe akawazuia kwa mwavuli. Akauliza klé ya binti yake iko wapi.

Mimi na yeye, kwa adabu, hatusimami bega kwa bega wala hatutazamani. Nilifungua kitenge nikitazama ukuta. Yeye aliongea na taa ya gari. Akaiambia taa kwamba Emérence, kila safari, kabla ya kuondoka hapa, alilegeza vile vyuma viwili vinavyobana batri, akakwangua unga mweupe unaozuia umeme, akakaza tena. Yeye mama alimshikia mwavuli. Nikauambia ukuta kwamba nimesikia. Nikalegeza. Unga ulikuwa mwingi kama wa muhogo. Nikakwangua, nikakaza. Klé ilikaa mkononi vizuri, imelainishwa upande mmoja na kidole gumba chake.

Gari likaamka. Bila kusukumwa. Bila kuvutwa!

Lusenge alitazama injini, akakunjua mikono ya shati. Akasema: Bon, basi. Kisha akaenda kumkamata kuku.

Njiani mama alikaa nyuma. Tulipokaribia Butembo aliniuliza kama mto wa kiti niliutupa. Nikasema hapana, uko kitandani kwangu.

Jumapili, tarehe 21

Misa. Padri alitaja jina lake vizuri, bila kukosea. Zacharie alikuja, akakaa benchi ya Wakatoliki, hakuimba kwa sauti. Baada ya chakula Lusenge alisimama mbele ya familia, akatangaza kwamba gari libaki pale lilipo. Nikatoka nje kidogo. Nikakalia jiwe.

Jumatatu, tarehe 22

Nimetafakari yote kwa utulivu. Kosa liko wazi kabisa: busta ilikuwa ndogo.

Nimerudi kwa Ornella. Ile nyeusi? Hapana, haina king'ora. Nimeagiza kubwa zaidi, ya kuamshia malori, yenye tochi mbili na redio. Zacharie tayari ameuliza kama kwaya itaweza kuitumia.

Klé ya dix nimeifuta vizuri, nimeifunga katika kitenge chake, nimeirudisha juu ya kabati. Kitu cha thamani namna ile hakifai kubaki ndani ya gari.

Mvua inaanza. Gari nimeshaliegesha. Linatazama mlimani.