Fundi Cherehani na Vita vya Sufuria Iliyoungua

Njooni, enyi mlioketi na enyi mlioegemea milango! Zimeni redio, watulizeni watoto, niwahadithie jambo ambalo mtaa wetu haujapata kuliona tangu uitwe mtaa: siku ambayo Fundi Cherehani, simba wa mkasi, mfalme wa mapindo, aliinuka mezani akaenda jikoni kwa miguu yake mwenyewe.

Shujaa huyu alikuwa amerudi kutoka ng'ambo, alikokwenda kumtembelea bintiye. Jioni baada ya jioni aliwasimulia wageni habari za treni zipitazo chini ya ardhi na ngazi zipandazo zenyewe, huku mkewe akipita kimya na sinia la vikombe. Zawadi ya manukato aliyomletea, mke aliipokea, akasema ahsante, akaifungia kabatini. Tangu mumewe arudi hakuwa amecheka hata kidogo, na jambo hilo lilimnyima Fundi raha.

"Mama watoto, mbona umeninunia?" akauliza wageni walipoondoka.

"Sijanuna, nimechoka tu. Umetembea dunia yote hiyo, baba watoto, hukuona hata kimoja kinachonihusu mimi?"

Neno hilo lilimchoma kuliko sindano zote alizowahi kujidunga. Akakunja mikono ya shati, akaingia jikoni, ambako adui alikuwa akimngoja: sufuria ya wali, nyeusi kwa ukoko, imetuama ndani ya sinki kwa kiburi kikuu.

"Ewe sufuria," akanguruma, "uliyewatesa wanawake wa nyumba hii, leo umekutana na mwanamume!"

Lakini silaha i wapi? Mahali pa dodoki hakupajua. Akachomoa mfukoni kipande cha kitambaa cha suti ya mteja, akashambulia. Sabuni akaimimina bila kipimo, yeye apimaye kila kitu; povu likapanda, likavuka kingo za sinki, likateka sakafu. Akateleza, akadaka bomba, akalowa mpaka kitovuni, wala hakurudi nyuma.

"Makubwa haya! Umepatwa na nini?" Mkewe alikuwa amesimama mlangoni.

Ndipo shujaa, povu likimning'inia kidevuni, akatoa hadithi aliyowaficha wageni wote.

"Kwa binti yetu nilikunywa chai, nikaacha kikombe mezani. Jioni nikakikuta. Kesho yake nikakikuta palepale. Nikakingoja kiondoke mpaka kikaota ukungu. Binti akaniambia, 'Baba, hapa kila mtu anaosha chake.' Mama watoto, miaka yote hii nilidhani vikombe huondoka vyenyewe."

"Kwa hiyo umepanda ndege kwenda kuangalia kikombe?"

"Nilikwenda kukuona wewe. Hapa nilikuwa sikuoni. Ahsante, mke wangu. Nimechelewa, lakini ahsante."

Mkewe akamtazama, akaitazama suti ya watu iliyogeuka dodoki, akaangua kicheko. Akacheka mpaka akaketi sakafuni, katikati ya povu, na Fundi akaketi kando yake.

Basi andikeni, enyi waandishi wa tarehe, na vizazi visome: siku hiyo sufuria ilianguka, ijapokuwa ukoko wa upande mmoja haujasalimu amri hata leo. Na asubuhi yake, shujaa alipomaliza chai akanyanyuka kwenda kazini, harufu ya manukato ilimfikia kutoka chumbani, na sauti nyuma yake.

"Shujaa! Kikombe!"

Akarudi, akakibeba.